Mwenye Bucha na Karpu wa Desanka

Tihomir Kovljanin alikuwa na msemo wake, na kila asubuhi akifungua bucha aliutoa kwa sauti, kama watu wengine wanavyosema Mungu asaidie: "Samaki ni maji yaliyopandwa miiba!" Akishausema, anatundika paja la nguruwe kwenye ndoana, anajifuta mikono, kisha anatupa jicho upande wa pili wa soko aone kama umemfikia mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Desanka. Desanka aliuza samaki mkabala kabisa na bucha, na katikati yao nilikuwa mimi, Rozalija, na mapipa yangu ya kabichi ya kuchacha. Soko letu la Apatin, mji mdogo wa Serbia kando ya mto Danubi, si kubwa. Miaka yote hiyo maneno yao yalipita juu ya kichwa changu kama mpira wa wavu, na wavu wenyewe ni mimi.

"Afadhali miiba," Desanka alikuwa akijibu, huku akimwopoa karpu kwenye beseni kwa mkono mmoja, samaki akirusha mkia. "Mwiba unauona, unautoa. Mafuta yako wewe jirani, mtu anayagundua siku ya kuzikwa."

"Mimi nakula nguruwe tangu sina meno. Hebu nitazame! Ninaonekana mgonjwa?"

"Unaonekana nguruwe."

Hapo soko linacheka, Tihomir naye anacheka kuliko wote, na biashara inaanza.

Alikuwa pandikizi la mtu, shingo imezama mabegani, mashavu mekundu kama nyanya za Agosti. Wateja walidhani wekundu ule ni afya, na yeye aliwaacha wadhani, kwani ulimsaidia kuuza. Mkewe Milunka alikuwa ameshafariki, binti yao ameolewa Novi Sad, kwa hiyo alijipikia mwenyewe. Asubuhi alikula vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa hadi vikakauka, pamoja na kitunguu kibichi. Mchana soseji. Jioni, kwa kuwa amechoka, alikula kitu chepesi, yaani soseji nyembamba.

Mwaka mmoja, majira ya kuchipua yalipoanza kupata joto, alikuwa akiingiza nusu ya nguruwe begani kutoka kwenye gari. Alipofika usawa wa mapipa yangu akasimama. Akaulaza mzigo juu ya meza yangu polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia, kisha akaketi juu ya pipa.

"Roza," akasema, "hili soko limeanza lini kuzunguka?"

Nikamtazama. Ule wekundu wote ulikuwa umekimbia, uso umebaki wa jivu. Kabla sijapata la kusema, Desanka alishafika na aproni yake inayotiririka maji, amemshika kifundo cha mkono, anahesabu mapigo kimyakimya. Hakumtania hata neno moja. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mimi ndiye niliyekwenda naye zahanati, maana binti alikuwa mbali. Daktari Bojana Zelić alimpima, akampima tena, akasema moyo haujasimama wala haujapasuka, ila umebisha hodi. Damu imejaa mafuta, na presha iko juu sana.

"Bwana Tihomir, asubuhi unakula nini?"

Tihomir akamwambia.

"Mchana?"

Akamwambia. Alipofika kwenye chakula cha jioni, daktari aliacha kuandika.

"Na mboga je?"

"Kitunguu."

"Hicho tu?"

"Na kabichi ya Roza."

Nikajivuna kidogo.

"Kabichi unaila na nini?"

"Na mbavu."

Daktari Bojana alivua miwani akaanza kumweleza taratibu, bila kumtisha na bila kumdekeza. Vidonge atavimeza. Atatembea kila siku, si kutoka bucha hadi kwenye gari, bali kutembea kweli. Nyama hakatazwi, anapunguziwa. Mara mbili au tatu kwa wiki, pale anapoweka nguruwe, aweke samaki.

"Samaki gani?" Tihomir akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kaburi litachimbwa wapi.

"Dagaa wa baharini na jamaa zao wana mafuta mazuri zaidi, nikuambie ukweli. Lakini sisi hapa mto uko nyuma ya nyumba. Karpu atakufaa. Protini anayokupa si haba mbele ya nyama yako, na kalori zake ni kama nusu tu ya zile za huyo nguruwe uliyemzoea. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina ambayo mishipa inaipokea vizuri, na ile omega tatu wanayoitangaza kwenye vichupa anayo pia kiasi. Ana vitamini B12 ya damu. Ana fosforasi ya mifupa. Ana vitamini D kidogo, ambayo sisi huku baridi ikianza jua halitupi. Na nyama yake ni laini, tumbo halihangaiki naye. Mama yangu akitoka kuugua tulimpa mchuzi wa karpu kabla ya kitu kingine chochote."

Tihomir alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Daktari, nipe sindano."

"Sindano ya nini?"

"Yoyote. Lakini si karpu."

Njiani kurudi tukafika kwenye daraja dogo. Hapo akanishika mkono.

"Roza, wewe ni jirani mwema."

"Unataka nini?"

"Utaninunulia wewe."

"Kwani huna miguu?"

"Nikasimame mbele ya Desanka, watu wote wanatazama, nimwambie nipimie samaki? Baada ya yote niliyosema? Bora nife na heshima yangu."

"Heshima haina vitamini," nikamwambia. Lakini nilikuwa nimeuona ule uso wa jivu, nikakubali.

Basi nikawa mnunuzi wa karpu. Ijumaa nachukua, Jumanne nachukua, Jumapili asubuhi Desanka anapofunga mapema nachukua tena. Namtia kwenye mfuko, nampitisha chini ya meza yangu, na Tihomir anampokea kwa nyuma kama anayepokea bidhaa za magendo. Desanka mwanzoni alipima tu na kutoa. Halafu akaanza kunitazama.

"Shoga, mbona karpu kila siku? Pišta wako nijuavyo mimi, akisikia harufu ya samaki anafungua madirisha."

"Amebadilika."

"Mwanaume akibadilisha chakula umri huu, pana jambo." Akamgeuza samaki kwenye mizani. "Au mwenye jambo ni wewe? Unampikia nani?"

"Nampikia paka."

"Paka wa kula kilo tatu tatu!"

Sijui alimwambia nani, au alimwambia kila mtu, lakini hazikupita wiki nyingi kabla mji mzima haujajua kwamba Rozalija wa kabichi ana hawara anayekula samaki. Pišta, mume wangu, aliipata habari hiyo kwa kinyozi, nusu ya kidevu ikiwa na povu. Akaja nyumbani hivyo hivyo, na povu.

"Ni nani?"

"Tihomir," nikasema, maana nilikuwa namenya viazi na sikufikiri.

Nikaona ameshika mgongo wa kiti. Ikabidi nimweleze kisa chote tangu lile pipa. Pišta alicheka mpaka povu likamdondokea shati, kisha akaapa kwa Mungu kwamba hatamwambia mtu, na kwa mshangao wangu akatimiza.

Kiangazi kikapita hivyo. Tihomir alilalamika kuhusu miiba lakini alikula. Alimeza vidonge vyake. Kutembea alitembea, akichagua njia isiyo na marafiki. Mimi nikajiona mwokozi wa roho ya mtu. Plamu zilipoanza kuiva akarudi kwa daktari kupima damu.

Asubuhi ile alipotoka zahanati nilimwona akiingia sokoni kwa hatua za askari. Akanipita bila hata salamu. Akasimama mbele ya beseni la Desanka, akamnyooshea kidole karpu mmoja aliyekuwa akijipumulia zake.

"Samaki wako mwongo!"

Desanka akainua kichwa. "Samaki yupi? Wewe umenunua samaki kwangu lini?"

"Muulize Roza!"

Desanka akanigeukia. Mimi nikaona kabichi yangu inahitaji kukorogwa, tena kwa haraka sana.

"Kumbe hawara ndiye huyu!" Desanka akasema, na soko likalipuka.

Lakini Tihomir hakuwa wa kunyamazishwa na kicheko. "Tangu majira ya kuchipua nakula karpu wako, mara tatu kwa wiki, kama mtawa! Nimevumilia miiba. Nimevumilia harufu. Leo daktari ananiambia mafuta kwenye damu yamepanda. Hayajashuka, Desanka. Yamepanda!"

Desanka akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Unampikaje?"

"Kama binadamu."

"Binadamu gani? Hebu sema."

"Namviringisha kwenye unga, yai na chenga za mkate, namtumbukiza kwenye mafuta."

"Mafuta gani?"

"Yangu."

"Ya nguruwe?"

"Sasa mwenye bucha mimi nitumie mafuta ya nani? Ya jirani?"

"Na tumboni mwake unaweka kitu?"

Hapo Tihomir akashusha sauti, lakini sauti yake hata ikishushwa inafika hadi meza ya mayai mwisho wa soko. "Bekoni. Kidogo tu. Asikauke."

Mama muuza mayai ikabidi aketi chini. Mtu mmoja kutoka upande wa jibini akapaza sauti, "Tihomir, kwa hiyo karpu alikuwa anasindikiza tu!" Watu walijishika mbavu. Desanka alicheka akiinamia beseni, machozi yakimdondokea samaki.

Wekundu wa Tihomir ulirudi wote kwa mara moja, safari hii mpaka masikioni. Alitazama huku, akatazama kule. Kisha akageuka, akavuta mlango wa chuma wa bucha hadi chini, ilhali bado ni mchana mweupe na wateja wamesimama. Akaenda zake.

Kicheko kikaisha kama redio iliyochomolewa.

"Nimekosea, shoga?" Desanka akaniuliza baada ya muda.

"Mimi pia nimecheka."

"Soko zima limecheka."

"Ndiyo. Lakini soko zima halikumshika mkono siku ile uso wake ulipokuwa wa jivu. Kicheko chako ndicho kilichomuuma zaidi."

Desanka akamwagilia samaki maji, ingawa walikuwa ndani ya maji.

Kesho yake bucha haikufunguliwa, wala siku iliyofuata. Nyama za watu waliokuwa wameagiza zilikaa kwenye friza, na watu wakaja kuniuliza mimi, kana kwamba ni kweli niliyosingiziwa. Jioni ya siku ya pili Desanka alifunga mapema, akamtia karpu mzima kwenye ndoo ya maji, akavaa koti.

"Twende."

"Mimi naenda kufanya nini?"

"Wewe si ndiye hawara? Unaijua njia."

Tihomir alitufungulia akiwa na fulana, ndevu hazijanyolewa. Akaitazama ndoo.

"Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kupika. Sogea."

Jikoni kwake palikuwa na rafu nzima ya mitungi ya mafuta ya nguruwe, meupe, imepangwa vizuri kama vitabu vya kasisi. Desanka aliitazama, akavua koti. Alimpiga karpu kichwani, akampara magamba, akampasua. Akatoa utumbo, nyongo akaikwepa, matamvua akayang'oa, kichwa akakiweka kando.

"Kichwa nitupe?" Tihomir akauliza.

"Ukitupa kichwa nakutupa wewe. Mchuzi wote umo kichwani na kwenye mifupa. Sasa angalia, hii ndiyo siri ya miiba. Karpu ana vimiiba vidogo katikati ya nyama, huwezi kuving'oa vyote. Unamchanja. Karibu karibu, hivi, kisu kinashuka hadi kwenye ngozi lakini ngozi hukati. Vimiiba vinakatika vipande vidogo, joto linavilainisha, mtu hata hajui kama vilikuwepo."

Akaanza kuchanja. Tihomir alivumilia machanjo matatu, manne.

"Unakata kama mtu anayepasua kuni. Lete hapa."

Akachukua kisu chake mwenyewe, akakipitisha kwenye chuma cha kunolea, akainama. Nimemwona yule mtu akikata nyama miaka na miaka, lakini sikuwahi kumtazama mikono. Ile mikono minene ilimchanja karpu kama inashona. Chwi, chwi, chwi, machanjo membamba yaliyopangana, na ngozi haikuguswa hata mahali pamoja. Desanka aliinama kuchungulia.

"Nani kakufundisha?"

"Nguruwe," akasema Tihomir.

Kwenye trei Desanka alitandaza viazi, vitunguu vingi, nyanya na pilipili nyekundu isiyowasha, akanyunyiza mafuta ya alizeti kijiko kimoja au viwili, akamlaza samaki juu. "Basi. Mafuta anayo mwenyewe tumboni, ya kumtosha. Hahitaji msaada wako." Trei ikaingia ovenini.

Wakati samaki anaiva, Desanka alikata kipande cha mafuta ya tumbo la karpu, akakiyeyusha kwenye kikaango kidogo, akayamimina kwenye sahani ya kikombe. Akachota kijiko cha yale meupe ya mtungini, akayayeyusha pia, akamimina kwenye sahani ya pili. Zote mbili zikawekwa kwenye jokofu. Hakusema kwa nini.

Tukala. Ngozi ilikuwa imekauka vizuri, nyama nyeupe inameguka kwa uma, viazi vimekunywa mchuzi wote. Tihomir alitafuna kwanza kwa tahadhari, akitafuta mwiba kwa ulimi. Hakuupata. Akatafuna tena.

"Si mbaya."

"Sema tena, sijasikia."

"Nimesema si mbaya, usinichokoze."

Akajiongezea kipande. Halafu akajiongezea tena, akasafisha trei kwa mkate.

Ndipo Desanka alipofungua jokofu akaziweka zile sahani mbele yake. Ya nguruwe ilikuwa imeganda, nyeupe kama mshumaa. Ya karpu bado ilicheza ukiitikisa.

"Haya, jirani. Yapi unataka yakutembelee kwenye mishipa?"

Tihomir aliinamisha sahani moja. Akainamisha ya pili. Akagusa ile nyeupe kwa kidole, ikabaki na alama ya kucha. Aliitazama kwa muda kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu yake kwenye tangazo la wezi. Baadaye akasema polepole, "Milunka alikuwa akinikataza kuyapaka kwenye mkate." Desanka aliondoa sahani, akaziosha, akaning'iniza kitambaa.

Siku niliyokwenda zahanati kwa ajili ya goti langu nilimsimulia Daktari Bojana habari za sahani. Alicheka sana. "Mwili si jokofu, mama Rozalija. Humo ndani kuna joto, na mambo hayaendi hivyo moja kwa moja. Lakini sahani hizo zimefanya kazi niliyoshindwa mimi. Usimwambie."

Sikumwambia.

Bucha ikafunguliwa tena, na kuanzia hapo Tihomir alinunua karpu mwenyewe, mchana, mbele ya watu. Wa kwanza kumcheka aliulizwa presha yake ikoje, naye hakuijua, na mambo yakaishia hapo. Matusi hayakukoma, yalibadilika ladha tu.

"Desanka, huyu amekonda. Umemnyima chakula?"

"Amesikia mnunuzi ni wewe, akafunga."

"Nipe yule mwenye tumbo."

"Huyo tunamwekea mtu anayejua kupika."

Ikawa akija mama fulani kununua mbavu za kulisha watu sita, Tihomir anampimia nusu na kumwambia, "Nusu nyingine nenda kwa yule mwanamke mkali pale. Mwambie akuchanjie, na kichwa akupe." Wenye bucha wengine walisema amerukwa na akili. Pengine. Lakini alikuwa akipanda ukingo wa Danubi kila jioni bila kuhema, na mkanda wake ulikuwa unahitaji tundu jipya.

Halafu ikaja slava yake, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo. Ukoo wao unamsherehekea Mtakatifu Nikola, na Mtakatifu Nikola huangukia Desemba, katikati ya mfungo, kwa hiyo meza lazima iwe ya samaki. Nyumba ya Tihomir tangu enzi za baba yake ilikuwa na utaratibu wake: mezani wanawekwa samaki wa barafu, wakavu kama nyayo za viatu, kwa ajili ya macho ya kasisi, na stoo nyuma ya mlango kunaning'inia paja zima la nguruwe kwa ajili ya wageni ambao imani yao haifiki mpaka tumboni. "Mtakatifu haingii stoo," walikuwa wakisema. Wageni walitoka mezani mmoja mmoja, wakarudi wakifuta midomo.

Mwaka ule Tihomir alisimama uani tangu asubuhi, theluji ikimwangukia kofia, akichochea moto chini ya sufuria kubwa ya chuma iliyoning'inia kwenye mnyororo. Vitunguu kwanza, kisha vichwa na mifupa, kisha vipande, pilipili nyekundu ya unga mpaka mchuzi ukawa rangi ya matofali. Hakutia kijiko ndani, maana kijiko kinavuruga samaki. Alishika masikio ya sufuria akaizungusha kulia na kushoto. Mimi na Pišta tulifika mapema. Tambi nilizikata mimi.

Kwenye slava haialikwi mtu, anayejua siku anakuja, na waliojua walikuwa wengi. Wa kwanza kuketi alikuwa Gavrilo, binamu yake, mfugaji wa nguruwe, mtu wa kupiga meza. Baada ya kasisi kubariki na kuondoka, Gavrilo aliinuka, akajinyoosha, akaelekea stoo kama kawaida yake. Akarudi na uso wa msiba.

"Tiho, umefilisika?"

"Kwa nini?"

"Mle ndani kuna jamu. Jamu ya plamu tu!"

"Kaa ule mchuzi."

"Mimi natoka mbali nije kula maji ya mto? Baba yako angekuwa hai—"

"Baba yangu angekuwa hai," Tihomir akamkatiza, "angekuwa hai, Gavrilo. Alikufa akiwa mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Na babu vilevile. Na Mile, ndugu yako wa tumbo moja, tulimbeba sote kwenye baridi kama hii. Wote moyo. Wote walitoka mezani." Hakupaza sauti. Alikuwa na kijiko kikubwa mkononi, na mchuzi ulikuwa ukidondoka kwenye kitambaa cheupe. "Nami nilishakaa juu ya pipa la Roza nikaliona soko linazunguka. Kaa ule."

Watu walitazama sahani zao. Gavrilo alisimama kidogo, mkono kwenye kiti. Kisha akaketi, akavuta sahani.

Alikula kijiko cha kwanza kama dawa. Cha pili kama mchuzi. Akaomba mkate. Baada ya muda nikamsikia akibishana na Pišta wangu, yule wa kufungua madirisha, kuhusu nani ana haki ya kichwa, na Pišta hakukubali kukiachia.

Desanka aliingia wakati huo, chupa ya gongo ya plamu mkononi, amevaa gauni la bluu. Nilikuwa sijawahi kumwona bila aproni, na nadhani Tihomir pia, maana alimwaga tambi mezani badala ya kwenye sahani. Akamhudumia mwenyewe. Meza nzima ikageuka kumwangalia mwanamke wa samaki akionja.

Desanka alionja. Akafikiri.

"Chumvi imezidi."

"Daktari amenipunguzia chumvi. Nimetia punje tu!"

"Basi imepungua."

"Mwanamke, amua!"

"Naamua nikishiba," akasema, na akala sahani mbili.

Majira ya kuchipua yaliyofuata vipimo vilishuka. Havikushuka mpaka vya kijana, lakini Daktari Bojana alitabasamu kabla hajavisoma kwa sauti. Tihomir alitaka kumpelekea karpu wa shukrani. Daktari akamwambia asimpe samaki sifa zote: kuna vidonge, kuna miguu yake mwenyewe, na kuna ile mitungi myeupe aliyoacha kuifungua. "Karpu si dawa," akasema. "Ni chakula kizuri kilichokaa mahali pa chakula kibaya." Hata hivyo, karpu alimpokea.

Bucha bado ipo na nguruwe wananing'inia. Jumapili Tihomir anakula nyama kama Mkristo yeyote, kipande, si sinia. Watu wananiuliza mimi kama yeye na Desanka wamefunga ndoa au watafunga, nami nawaambia wakaulize wenyewe, wao wana ndimi na mimi nina kabichi. Ninachojua ni kwamba Jumatano na Ijumaa Tihomir anakwenda kwa Desanka na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa, anachanja yeye, anaoka Desanka. Ijumaa iliyopita nilipita chini ya dirisha lao. Vitunguu vilikuwa vinanukia hadi barabarani, na Desanka alikuwa akifoka kwamba kipande cha mkia kilikuwa chake, kila mtu anajua ni chake, na kimekwenda wapi.

"Nilidhani umeshiba," Tihomir alikuwa akisema, mdomo umejaa.